Keria ya Nyuma Kwenye Baiskeli Yenye Breki za Diski

Bolti iliyokatika bado ninayo mezani. Ni bolti ya milimita 5, na ukiitazama pale ilipokatikia utaona rangi mbili: sehemu kubwa imeshika hudhurungi ya kutu, na pembeni kuna kipande chembamba kama mwezi mwandamo ambacho kinang'aa kama chuma kipya. Sehemu yenye kutu ndiyo iliyokuwa imepasuka siku nyingi, hewa ya chumvi ikiingia taratibu bila mimi kujua. Kipande kinachong'aa ndicho kilichokuwa kimebaki kikibeba peke yake keria, madaftari ya kidato cha pili na kompyuta yangu, hadi asubuhi moja gurudumu la nyuma liliposhuka kutoka kwenye tuta la barabarani, nacho kikasalimu amri.

Ninaishi Mikindani na ninafundisha mjini Mtwara, umbali wa kilomita 10 na ushee kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na kwa muda mrefu nilikuwa nikibeba kila kitu mgongoni. Aliyewahi kuendesha baiskeli kando ya bahari hii mwezi wa Novemba, joto likiwa limeshatangulia na mvua ikiwa bado haijafika, anaelewa kwa nini mwalimu hapendi kusimama mbele ya darasa akiwa na ramani ya jasho kwenye shati. Baiskeli yangu ni ya mtumba, fremu yake ni ya alumini, ina gia 8 nyuma, na breki zake ni za diski zinazovutwa kwa waya. Breki hizo nilizipenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu breki za kubana rimu hupoteza nguvu rimu inapolowa, na mchanga unaoshikamana na rimu wakati wa masika huila polepole kama msasa. Nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba breki hizo hizo zingenikaba siku nitakapotaka kufunga keria.

Tatizo lenyewe liko upande wa kushoto, nyuma. Diski ni sahani nyembamba ya chuma, kwangu ina kipenyo cha milimita 160, iliyofungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kalipa ni taya linaloibana sahani hiyo. Katika baiskeli nyingine kalipa hukaa ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu, kati ya bomba linaloshuka kutoka kwenye kiti na lile linalotoka kwenye pedeli, na hapo haimsumbui mtu. Kwenye yangu imekaa nje ya pembetatu hiyo, nyuma ya bomba la kiti, juu kidogo ya kisikio cha fremu ambacho ekseli hukalia. Tundu la kufungia mguu wa keria liko kwenye kisikio hicho hicho. Mguu ukifungwa hapo na kupanda moja kwa moja, kama miguu ya keria ilivyo kawaida, unaigonga kalipa kabla haujafika hata nusu ya safari yake. Upande wa kulia hakuna kalipa, hivyo mguu unapanda bila kizuizi.

Keria niliyokuwa nayo mwanzoni ilikuwa ya alumini, nyepesi na nzuri machoni, imepigwa chapa ya kilo 25. Keria za viwandani zina kiwango chake cha kimataifa cha majaribio, ISO 11243, na namba inayopigwa juu yake si pambo. Namba hiyo, hata hivyo, inaihusu keria iliyofungwa jinsi mtengenezaji alivyokusudia, na mimi sikuifunga hivyo. Ili mguu wa kushoto uipite kalipa kwa nje nilihitaji kuusogeza milimita 12, kwa hiyo nikanunua bolti yenye urefu wa milimita 30 badala ya ile fupi iliyokuja na keria, nikaivisha washa 12, vile visahani vyenye tundu katikati, zilizopangwa kama sarafu, nikakaza. Ilipendeza. Nilipanda baiskeli nikazunguka uwanja wa nyumbani, nikamwambia mke wangu kwamba fedha ya fundi nimeiokoa.

Kosa liko kwenye zile washa, na ninalieleza kwa kirefu kwa sababu nimeona baiskeli nyingine mbili hapa mjini zilizofungwa vivyo hivyo. Bolti fupi inayokandamiza mguu wa keria moja kwa moja dhidi ya kisikio haibebi mzigo kwa shingo yake. Kazi yake ni kubana, na nyuso mbili zilizobanwa ndizo zinazoshikana na kuuzuia mguu usiteleze. Ukiweka washa 12 katikati unakuwa na nyuso 13 badala ya moja, kila moja ikiwa na nafasi yake ya kuteleza kidogo, na rundo zima linanepa. Hapo bolti inageuka boriti: inashikwa upande mmoja na fremu, upande wa pili inaning'inizwa mzigo, na kila tundu la barabara linaipinda juu na chini mahali pale pale, pale hesi, ile mifereji inayoizunguka bolti, inapoingia kwenye kisikio. Chuma hakikatiki kwa kupindwa mara moja kiasi hicho. Kinachoka. Ufa huanza kwenye bonde la hesi, kisha husogea kidogo kila siku. Kibaya zaidi, kwa kuwa nilisogeza upande wa kushoto peke yake, keria nzima ilikuwa imevutwa kushoto, haikukaa tena juu ya mstari wa gurudumu, na bolti ile ile iliyokuwa dhaifu ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mzigo.

Siku ilipokatika, mguu wa keria ulirudi ndani na kulalia mkono wa kalipa, yaani kile kishikio kinachovutwa na waya. Breki ya nyuma ikajishika yenyewe. Namshukuru Mungu nilikuwa kwenye mwendo wa polepole kwa ajili ya tuta, na nyuma yangu hakukuwa na gari bali kijana wa bodaboda tu, ambaye alisimama, akanisaidia kuufunga mguu ule kwa mpira wa tyubu mbali na gurudumu, akakataa hela.

Jioni nilikwenda kwa fundi mmoja mzee ambaye amezeeka na baiskeli za Phoenix. Baada ya shikamoo na marahaba aliichukua bolti, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza mara mbili.

"Mwalimu, hii haikukatika leo," alisema. "Hii ilikufa zamani, leo imezikwa tu."

Nusu ya bolti ilikuwa imebaki ndani ya kisikio, imekatika sawasawa na uso wa nje, hakuna cha kushika. Nilidhani tutatafuta keekee. Mzee alifungua gurudumu, akainama, akanionyesha kwamba ncha ya bolti ilikuwa imechomoza upande wa ndani kwa milimita 2 au 3. Alichukua jani la msumeno wa chuma, akaikata ncha ile mfereji mdogo katikati, akatia tone la mafuta, akasubiri tukizungumza habari za korosho, halafu akaingiza bisibisi kwenye mfereji na kuuzungusha taratibu. Kipande kilitoka chote kikiwa kizima. Kabla ya kutia mafuta alikuwa ameifunika kalipa kwa kitambaa, jambo ambalo mimi nisingelikumbuka: pedi, yaani vile vipande vya ndani ya kalipa vinavyoisugua diski, zikishanywa mafuta, breki inapiga kelele na kukosa nguvu, na mara nyingi hakuna dawa ila kununua nyingine.

Wazo lake la kwanza lilikuwa la Phoenix. Kwenye baiskeli ile miguu ya keria hukaa kwenye ekseli yenyewe, chini ya nati ya gurudumu, kwa hiyo mzigo hushuka moja kwa moja kwenye ekseli na hakuna bolti ndogo ya kuhurumia. Ndiyo maana utaona Phoenix imebeba gunia la mihogo kutoka Naliendele na wala hailalamiki. Lakini ekseli ya Phoenix ni chuma kizima chenye nati kubwa, na yangu ina tundu katikati linalopitisha fito nyembamba ya kubana kwa mkono. Fito hiyo haina urefu wa ziada wa kupokea miguu ya keria, na hata ingekuwa nao, kila pancha ingenilazimu kuishusha keria pamoja na mzigo wake. Tena ile kalipa ingekuwa pale pale.

Nikamuuliza kama anaweza kuupinda mguu wa keria yangu ili uikwepe kalipa. Alikataa, na alikuwa na haki. Bomba la alumini likipindwa baridi hupasuka au hubonyea, na likipashwa moto hupoteza ugumu wake. Halina subira ya chuma cha pua wala cha kawaida. Tukaafikiana anitengenezee keria mpya ya chuma cha mviringo cha milimita 8, ambacho kinakubali kupindwa kwenye jiliwa, ile taya ya mezani ya kubania chuma.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni namna alivyopima, kwa maana hakutumia rula hata kidogo. Alichukua waya laini wa kufungia nondo, akaukunja mara mbili ili uwe mgumu kiasi, akauanzia kwenye tundu la kisikio na kuupandisha. Chini ya kalipa aliutoa nje, akaupitisha pembeni yake, kisha akaunyoosha hadi usawa wa juu ya tairi. Alipomaliza nilidhani tumepata. Akaniambia nikamate mkono wa breki na niubane kwa nguvu zote. Kishikio cha kalipa kikapanda, kikaugusa waya. Mimi siku ile ya washa nilikuwa nimepima breki ikiwa imelala, na kumbe hata bolti isingekatika ningekuwa na breki isiyomaliza safari yake. Aliusogeza waya nje tena hadi kidole chake kidogo kikapita kati yake na kishikio kilichobanwa, na akahakikisha kwamba bisibisi inaweza kuifikia skrubu ya kurekebishia pedi bila kuifungua keria. Waya ule ndio uliokwenda kwenye jiliwa kuwa kielelezo.

Ncha ya mguu aliipasha moto, akaifua hadi ikawa bapa, akaitoboa. Kwa hiyo sasa mguu umelala ubapa kwa ubapa na kisikio, bolti ni ya milimita 16 tu, na kile kizingo kinachoikwepa kalipa kiko ndani ya chuma chenyewe badala ya kuwa juu ya bolti. Uzito bado unavuta kwenda nje kidogo, sikatai, lakini unaovutwa ni chuma cha milimita 8 kilichokaa kwenye uso mpana. Mguu wa kulia aliupinda kwa kipimo kile kile ingawa huko hakuna kalipa, ili keria ikae katikati ya gurudumu. Upande huo nililipa kosa dogo: bolti niliyoiweka ilichomoza mno kwa ndani, na mnyororo uliposhuka kwenye gia ndogo kabisa ukawa unaikwangua. Tuliikata ikabaki milimita 1. Yeyote anayefunga keria ainue gurudumu la nyuma, aweke gia ndogo kabisa na azungushe pedeli kwa mkono kabla ya kuondoka. Ni kazi ya nusu dakika. Upande wa kushoto, kwa kuwa kulikuwa na nafasi, tuliongeza nati nyembamba kwa ndani baada ya kuhakikisha kuwa haigusi diski.

Asiyekuwa na fundi wa aina hii ana njia nyingine mbili ninazoziamini. Kuna keria zinazotengenezwa mahususi kwa breki za diski, ambazo miguu yake imetanuliwa tangu kiwandani. Madukani kwetu Mtwara sijazikuta, lakini huweza kuagizwa Dar es Salaam na kuja na basi. Na kama ni lazima kuusogeza mguu nje, basi iwe kwa bushi moja ya chuma, nene, iliyochongwa kipande kimoja na yenye uso mpana kama kisikio chenyewe, na bolti iwe na urefu wa kuingia hesi zote za kisikio, maana alumini hung'oka hesi upesi kama bolti imeshika kidogo. Plastiki isitumike hapo. Inabonyea na bolti inalegea. Kuhusu kufunga mguu wa keria kwenye bolti za kalipa yenyewe, kama nilivyoshauriwa na muuza vipuri mmoja, sitaki hata kulijadili: bolti hizo zina kazi ya kukusimamisha.

Kabla ya kukaza tulipaka hesi zote grisi. Bolti ya chuma ndani ya fremu ya alumini, penye chumvi ya bahari kama hapa, huleta ulaji wa metali mbili zinazogusana, na baada ya mwaka mmoja au miwili bolti huganda kama iliyochomelewa. Grisi huzuia maji ya chumvi yasifike hapo. Huko juu, mikono miwili ya mbele ya keria imefungwa kwenye matundu yaliyoko karibu na kiti, na tuliikaza mwisho kabisa, baada ya keria kukaa usawa na miguu kuwa imetulia, kwani ukianza na juu unailazimisha miguu ya chini ikae mahali isipopataka. Spana iliyotumika kote ni ile iliyopinda kama herufi L, ya milimita 4. Niliishika kwa upande wake mfupi wakati wa kukaza, kwa sababu upande mrefu unampa mkono nguvu ya kuharibu.

Gurudumu liliporudi, diski ilianza kusugua upande mmoja, shii, shii, kila mzunguko. Breki za waya kama zangu zina pedi moja inayosogea na nyingine iliyotulia; inayosogea huisukuma sahani hadi ikaigusa mwenzake. Tulilegeza bolti mbili za kalipa, tukaisogeza kwa macho hadi mwanga ukaonekana pande zote mbili za sahani, tukakaza, kisha tukaigeuza skrubu ya pedi iliyotulia kidogo kidogo. Alama za vidole nilizokuwa nimeziacha kwenye diski nilizifuta kwa spiriti ya duka la dawa.

Mifuko ya pembeni ilishonwa kwa turubai na fundi cherehani wa hapa kwetu Mikindani. Ya kwanza ilikuwa laini mno, na pembe yake ya ndani ikawa inapeperuka kuelekea kwenye njiti na diski, nikaona alama ya kuungua ya ukubwa wa kucha pale ilipogusana na sahani iliyokuwa imetoka kufanya kazi. Nilikata ubavu wa dumu la mafuta ya kula la lita 20, nikautia ndani ya kila mfuko upande unaotazama gurudumu, na tangu hapo umesimama kama ubao. Mifuko tuliisogeza nyuma hadi kisigino changu kikapita bila kuigusa; navaa kiatu namba 43, na kwenye fremu fupi kama hii jambo hilo si dogo. Tukiisogeza zaidi ya hapo mzigo unakaa nyuma ya ekseli na usukani unakuwa mwepesi wa kutisha.

Keria hii ina uzito wa kilo 2 na robo kwenye mizani ya duka, karibu mara tatu ya ile ya alumini, na haina namba yoyote iliyopigwa juu yake. Nimejiwekea mwisho wa kilo 15, pande mbili zikilingana. Madaftari ya darasa moja yana kilo 7, kompyuta na chaja kilo 3, na kinachobaki ni nafasi ya nazi na samaki wakati wa kurudi. Mtoto wa jirani ameniomba mara tatu nimpakie hadi shuleni, na mara tatu nimemwambia kwamba kiti hicho ni cha madaftari; mama yake hajafurahi, ila bolti ninayo mezani na nimeshamwonyesha.

Tumeifunga mwanzoni mwa msimu wa korosho, na sasa mvua zimeanza. Kila Jumapili napitisha spana kwenye bolti zote nne, na hadi leo iliyowahi kulegea ni moja tu, ya juu kulia, kwa robo ya mzunguko. Rangi imebanduka kwenye kizingo cha kushoto pale nilipoiegemeza baiskeli ukutani, na kutu imeshaanza kuchungulia. Nimenunua kopo dogo la rangi ya kuzuia kutu na msasa, kazi ya Jumamosi hii kama mvua itaniruhusu.